TAHADHARI: Taa za dari za chuma na "cheti cha TBS" cha WhatsApp

Wadau, mnaomalizia nyumba someni hii kabla hamjaenda Kariakoo na orodha ya fundi.

Wiki tatu zilizopita nilinunua taa sita za kuning'inia, zile za chuma zenye rangi ya dhahabu, kwa muuzaji anayejitangaza Instagramu na mwenye duka Kariakoo. Shilingi 185,000 kila moja. Nilimuuliza mapema kuhusu TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, maana nina watoto. Akajibu papo hapo: "Kaka, mzigo umepita TBS, cheti hiki hapa," akanitumia picha. Nikaona nembo, nikaona muhuri, nikalipa. Kuikuza ile picha niisome, sikufanya.

Fundi alifunga mbili, sebuleni na kibarazani. Siku ya nne mke wangu anaifuta ile ya kibarazani kwa kitambaa kibichi, taa inawaka, ikamrusha. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Bahati yake alikuwa juu ya stuli ya mbao, na ndala miguuni. Fundi akaja na testa, akagusa chuma cha taa, testa ikawaka.

Tukaishusha. Tundu la kupitishia waya lina makali kama mfuniko wa kopo, halina mpira wa kukinga, na lilikuwa limekwangua ganda la waya hadi ndani. Fundi akaukwaruza waya wenyewe kwa kisu, wekundu ukabanduka, ndani kweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Na kubwa kuliko yote, hakuna waya wa ethi wala skrubu ya kuufungia. Ungekuwepo, na ethi ya nyumba ikiwa nzima, umeme ungekimbilia ardhini na breka ya usalama ikakata. Hapa ulikaa tu kwenye chuma, unamsubiri mtu.

Ndipo nikairudia ile picha. Bidhaa iliyoandikwa ni balbu za LED. Jina la mwagizaji si la lile duka. Mwaka 2019. Huenda kabisa ni cheti halali, ila cha mzigo wa mtu mwingine! Hapo ndipo tunapopigwa wengi. Hati ya ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa, huu utaratibu wa PVoC ambao nchi yetu iliuanza 2012, hutolewa kwa shehena ile iliyokaguliwa. Kontena lijalo linahitaji hati yake. Kwa hiyo ukionyeshwa cheti, linganisha bidhaa, jina la mwagizaji na tarehe na kile unachouziwa, na akikataa kukuonyesha karatasi kamili, ondoka.

Boksi lilikuwa na CE na ISO 9001 kwa herufi kubwa. CE kwenye taa kama hizi mtengenezaji huiweka mwenyewe, akitangaza kwamba amefuata sheria za Ulaya. ISO 9001 inahusu namna kiwanda kinavyoendeshwa, haisemi taa hii imepimwa. Na ile hadithi mnayotumiana kwenye magrupu, kwamba C na E zikikaribiana maana yake ni "China Export" na si alama ya Ulaya, achaneni nayo. CE yenye nafasi sahihi isingemsaidia mke wangu kitu.

Siku hizi boksi siliangalii, naomba taa yenyewe ifunguliwe palepale dukani. Mwilini mwake iwe na jina la mtengenezaji, volti (kwetu 230) na wati. Kama ni ya chuma, iwe na sehemu ya kufunga ethi, au alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake ina kinga mbili za kuzuia umeme usifike kwenye mwili wa taa, hivyo haihitaji ethi. Zangu hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Muuzaji alianza na "fundi wako ndiye hajui", akahamia kwenye maandishi ya chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", kisha akaniblock. Risiti yenyewe ya mkono, si ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na hilo pia nililichekea siku ile. Taa moja nimeipeleka TBS pale Ubungo pamoja na malalamiko ya maandishi, ndiyo sababu jina la duka silitaji hapa kwa sasa.

Kama unazo za aina hii na zimeshafungwa, zima kwenye meni swichi, usitegemee swichi ya ukutani, kisha mwite fundi mwenye leseni azifungue. Na aliyewahi kutumiwa cheti cha balbu za LED cha 2019 anaponunua taa za chuma, naomba aniandikie, tuone kama ni picha ileile inayozunguka.