Fundi wa Ipogolo aliyekataa kugusa kabureta yangu

Naanza na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: nimelipa shilingi 34,000. Kupima 10,000, pulsa mpya (kikoili kidogo ndani ya injini, nitakieleza) 14,000, kuifunga 10,000. Kabla yake mafundi watatu walikuwa wameshanila 63,500 na pikipiki bado inazima pale pale, kwenye mlima wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, mimi na trei zangu za mayai nyuma.

Pikipiki yenyewe imeshatumika, ya Kichina, cc 125, injini ya mtindo wa CG ambao Honda waliutoa miaka ya 1970 na Wachina wakauiga mpaka leo. Niliinunua mwezi wa tatu kwa 1,150,000, dalali akiwa katikati. Siku ya kuikagua tulikutana saa moja asubuhi. Ikawaka kwa kiki ya kwanza, nikazunguka nayo uwanja wa shule mara mbili, nikatoa hela. Kosa langu ndilo hilo. Iringa saa moja asubuhi hata mtu mwenyewe hajapata moto, sembuse injini. Ningemwambia muuzaji twende nayo Kalenga na kurudi, angeanza kutoa visingizio na mimi ningeelewa. Siku hizi simu yangu haipokei.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Dakika 20 au 25 za mwanzo inakwenda vizuri, hata resi inaitika. Ikishashika moto, hasa mlimani na mzigo, inakata. Unapiga kiki mpaka goti linalalamika, wapi. Unasogea pembeni, Fuso zinakupita na vumbi lake, wanaume watatu wanasimama kukuuliza "Mama, una mafuta kweli?" (wanaume wa Iringa bado hawajazoea kuona mwanamke mwenye pikipiki yake mwenyewe, kila mmoja anajua kinachomsumbua). Nusu saa baadaye, umeshakula hindi la kuchoma, inawaka kwa kiki moja tu, utafikiri ulikuwa unaisingizia.

Fundi wa kwanza aliosha kabureta na kubadilisha chujio la mafuta: 10,500. Wa pili aliweka plagi mpya na koili mpya (inayoipa plagi umeme mkali): 28,000. Wa tatu aliweka CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche itoke: 25,000, na iliporudi kuzima akaniambia sasa ni pistoni na ringi, nimwachie injini aishushe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona pikipiki ikiwa imezima. Wote waliipokea ikiwa ya baridi, wakafunga kifaa, wakapiga kiki, ikawaka, wakachukua chao.

Huyu wa nne niliambiwa na muuza vocha. Hana bango. Ana mti, benchi, bati mbili na sanduku la spana, upande wa chini kabla mlima haujaanza. Ni mtu mzima, ana miwani iliyofungwa uzi. Nikamwamkia, "Kamwene, baba," nikamwomba anioshee kabureta tena, labda yule wa kwanza hakuosha vizuri. Akaifungua koki, akainusa, akatazama chini ya kabureta, akasema hapana.

"Hiyo imeoshwa mpaka imetakata. Niambie kwanza, mama. Inakohoa ndipo inazima, au inakata kama mtu kazima swichi?"

"Inakata."

"Hapo ilipokata, umeshawahi kufungua mfuniko wa tanki?"

Sijawahi. Akanieleza kwamba mfuniko una tundu dogo la kuingizia hewa. Likiziba, mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho tanki linayazuia mafuta yasishuke. Pikipiki inazima njiani, ukiiacha ipumzike inawaka, na mwenyewe anaapa kwamba ni joto. Ukifungua mfuniko unasikia fyuu, na ukiwasha inaitika hapo hapo. Kitu cha bure kabisa kukijaribu, na nilikuwa nimeshalipa 63,500 bila mtu kunitajia. Ila akasema ugonjwa huo mara nyingi unaanza kwa kukohoa, na yangu haikohoi, kwa hiyo yeye anashuku upande wa umeme.

Halafu akanifanyia kitu ambacho sijawahi kufanyiwa na fundi yeyote. Akanirudishia ufunguo. "Panda nayo. Ikizima usiisukume na usipige kiki. Nipigie."

Ilizima nusu ya mlima. Akaja kwa bodaboda na spana ya plagi mfukoni na mita ya kupimia umeme ndani ya shati. Akafungua mfuniko wa tanki: kimya, hakuna fyuu. Akatoa plagi, ilikuwa kavu, rangi ya kahawia. Akairudisha kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na lile tundu lake, akaniambia nipige kiki. Hakuna cheche. Akaiweka plagi nyingine aliyokuja nayo, hakuna. Tukakaa kwenye jiwe tukazungumza habari za kideri cha kuku mpaka injini ikapoa. Akapiga kiki tena: cheche ya bluu, inasikika ta-ta-ta. Kwa hiyo plagi nzima, mafuta yapo, moto unakuja na kuondoka kufuata joto.

Sehemu iliyobaki tuliimalizia kijiweni kwake, na hapo ndipo 10,000 yangu ya kupima ilipojilipa. Alifungua kava la kushoto la injini akatoa pulsa. Kwa wasioijua: ni kikoili kidogo kinachokaa pembeni ya sumaku inayozunguka. Kila kinundu cha sumaku kikipita mbele yake, pulsa inaipa CDI ishara kwamba wakati wa kuchoma ni sasa. Isipotoa ishara, CDI yako mpya na koili yako mpya vinakaa tu kama wageni wasiokaribishwa. Na mahali inapokaa ni ndani ya injini, inaoka na joto lote.

Akaunga mita kwenye waya zake, ule wa bluu wenye mstari mweupe na ule wa kijani. Ikasoma omu 168. Akaifunga pulsa ndani ya mfuko wa nailoni, akaomba chupa ya chai kwa mama ntilie wa jirani, akamimina maji ya moto kwenye kopo na kuitumbukiza, waya zikiwa nje. Tukatazama. 171. 176. 180. Halafu namba zikapotea, ikabaki 1 peke yake upande wa kushoto, ambayo kwa mita hizi za bei rahisi maana yake njia imekatika. Akaitoa, akaitia kwenye maji ya ndoo. Baada ya muda, 168 ikarudi.

Nilimwambia arudie. Akarudia, bila kununa. Waya wa ndani ni mwembamba kama unywele, akasema, umekatika mahali. Ukiwa wa baridi ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Pistoni yangu haikuwa na kosa lolote, na yule wa tatu alikuwa anataka kuishusha.

Pulsa mpya tuliifuata mjini, na kabla ya kulipa aliipima dukani, ya kwanza akaikataa. Muuzaji alikasirika. Mimi nilifurahi.

Sasa mabaya, maana yapo. Mzee ni mpole mno na saa haimhusu. Nilifika saa tatu asubuhi, nikaondoka saa kumi na moja jioni, na katikati alienda msibani. Hatoi risiti, na hela ya kupima unaitoa hata kama ugonjwa haukuonekana. Analisema hilo mwanzoni, lakini bado kuna watu wataumia. Wiki moja baada ya kazi, kava la kushoto likaanza kuvuja oili, kwa sababu alirudisha gasketi ya zamani na kuipaka silikoni badala ya kukata mpya. Nilirudi, akaweka mpya bila kudai hata mia, lakini nilishachafua suruali mbili na boksi la mayai. Kama unaendesha boda na kila saa unayosimama tajiri wako anaihesabu, nenda kwake siku ambayo una nafasi, au mwachie pikipiki ilale kwake.

Ila kama pikipiki yako imeshapita kwa mafundi wawili na kila mmoja kakuuzia kifaa, huyu ndiye wa kumfuata. Mpelekee hivyo hivyo bila kuifungua, usimwambie wenzake walisema nini, hapendi. Mwambie inazima baada ya muda gani, mlimani au tambarare, na ikizima inakohoa au haikohoi. Vifaa vyako vya zamani vidai kwa wale wengine. Mimi koili yangu ya mwanzo niliiacha kwa fundi wa pili, na mzee ameniambia huenda ilikuwa nzima.

Ni mwezi wa pili sasa tangu anitengenezee. Jumamosi nilipanda na trei 12, jua la saa nane, nyuma ya lori la mbao lililokuwa linatambaa, na haikukata. Indiketa ya kushoto ndiyo haijawaka tangu siku alipofungua soketi za waya. Nimempigia, akasema niilete, ila asubuhi, na nisiwe na haraka.