TAHADHARI: Bangili za kuwaka gizani za sikukuu, msitume pesa kabla hamjasoma haya

Assalaam alaykum wenzangu. Sikukuu ya Hajj imekaribia na yule muuzaji wa mtandaoni aliyetutapeli bangili za kuwaka Ramadhani keshaanza tena kurusha video zake. Juzi shoga yangu wa Fuoni, hapa Unguja, kaja kunionesha simu, anataka kuagiza makopo manne ya bangili. Nikamzuia pale pale. Nyie wengine siwezi kuwafuata nyumba kwa nyumba, ndiyo maana naandika hapa.

Jina la ukurasa silitaji. Tangu Ramadhani limeshabadilika mara mbili, na namba ya kutumia pesa nayo imebadilika, kwa hivyo kulikariri jina hakutakusaidia kitu. Kisichobadilika ni mchezo wenyewe.

Mimi kila sikukuu hupika visheti na kachori nikaweka meza jioni karibu na kiwanja. Safari hii nikaona niongeze bangili za kuwaka, ule mrija mwembamba wa plastiki unaoukunja ukasikia "kach", ukawaka kijani au waridi, ukaunganisha ncha zake na kumvisha mtoto. Wazazi wanazipenda, na wana haki. Hazina moto kama fataki, hazipati joto, na katika ule msongamano wa usiku mtoto mwenye bangili inayowaka unamuona hata akikuponyoka mkono. Mwaka juzi mwanangu wa mwisho alinipotea Mnazi Mmoja usiku wa sikukuu pili. Dakika zile sizisahau mpaka leo. Kwa hivyo kwangu haikuwa biashara tu. Na watoto thalathini na tano wa chuo cha Qur'ani mtaani kwetu nilikuwa nimeshawaahidi kila mmoja yake, bure.

Video ya muuzaji nikaiona kumi la mwisho la Ramadhani. Chumba kimezimwa taa, mikono miwili inamwaga bangili kwenye beseni, zinawaka mpaka kuta zinaonekana rangi. Kopo la bangili 100 kwa shilingi 18,000, wakati madukani Darajani niliulizia nikatajiwa 30,000. Nikaagiza makopo sita, 108,000, na 7,000 ya kusafirishia kwa boti kutoka Dar. Alitaka pesa zote mbele. "Dada yangu, mzigo wa sikukuu huu, wengi wanasubiri, nikimpa mwengine usinilaumu." Nikatuma.

Kila nikiuliza mzigo uko wapi, jibu ni kesho. Ukaja mwezi 29, siku ambayo mji mzima uko roho juu kusubiri tangazo la mwezi. Hapo sikuona tatizo, nilimshukuru hata. Sasa nimezungumza na wenzangu watatu waliopigwa na mtu huyo huyo, na wote walipata mzigo wao siku hiyo hiyo. Anajua ikifika siku hiyo huna pa kuurudisha wala muda wa kuagiza kwengine, na umeshajifunga kwa watu.

Nilichukua boksi pale Malindi kwenye saa sita mchana, nikaenda nalo nyumbani moja kwa moja. Nikafunga madirisha ya stoo, watoto wamenizunguka. Nikatoa bangili ya kwanza, nikaikunja. Kimya. Haikulia. Ikakunjika laini kama mrija wa soda. Ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Nikaileta karibu na taa ya simu nikaitazama vizuri: ndani ya maji yake mna chengachenga za kioo zimekaa upande mmoja. Ilikuwa imeshavunjwa zamani.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu asiyejua zinavyofanya kazi ndiye anayedanganywa kirahisi. Ndani ya mrija wa plastiki mna kichupa chembamba sana cha kioo. Kwenye kichupa mna haidrojeni peroksaidi, dawa ya jamii ile ile inayouzwa famasi kusafishia vidonda. Nje ya kichupa, ndani ya plastiki, mna kemikali nyengine na rangi. Ukikunja, kioo kinavunjika, vitu viwili vinachanganyika, na mchanganyiko huo ndio unaotoa mwanga. Ile "kach" ni kioo kinavunjika. Vikishachanganyika hakuna kuzima wala kurudisha nyuma. Inawaka mpaka dawa iishe, na ikiisha imeisha.

Nilikaa mpaka Magharibi nikazijaribu zote. Katika bangili 600, zilizowaka sawasawa ni 143. Nyengine zilitoa mwanga wa kusikitisha, uutafute kwa kuizungushia viganja. Zaidi ya nusu hazikuwaka kabisa, na nyingi katika hizo kioo kilikuwa kimeshavunjika. Mifuko ya karatasi ya kung'aa, rangi ya fedha, ndani ya makopo ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kisha ikafungwa kwa selotepu. Mfuko ule si pambo. Umewekwa kuzuia mwanga na unyevu, na ukishafunguliwa bangili huharibika hata kama hakuna aliyezigusa. Chini ya kopo, mahali pa tarehe, pamekwaruzwa.

Nikampigia. Alipokea, tena kwa upole. Akasema boti imezitikisa zikavunjika njiani.

Jamani, fikirini pamoja na mimi. Boti iliondoka Dar asubuhi. Safari yenyewe ni kama saa mbili. Mimi nimefungua boksi mchana ule ule kwenye chumba cha giza. Bangili nzuri ikivunjwa huwaka kwa saa kadhaa, ya jana usiku unaweza kuikuta alfajiri ina mwanga kidogo. Kama zingevunjika baharini asubuhi ile, ningefungua boksi nikakuta linawaka lote. Nimekuta giza tupu. Zilivunjwa siku nyingi kabla, zikavaliwa na watu wengine kwenye sherehe zao, zikaokotwa, zikapangwa upya. Kwenye kopo moja nimekuta bangili ina pambo la kumetameta la kupaka usoni limeganda kwenye kiungio.

Nilipomwambia hivyo akabadilisha. Eti niziweke juani zitachaji. Huu ni uongo, na watu wengi wanauamini kwa sababu ipo aina nyengine ya vitu vya kuwaka ambayo kweli hula mwanga: zile nyota za kubandika darini chumba cha watoto, na rangi za namna hiyo. Zile unazimulika, ukizima taa zinaurudisha mwanga taratibu. Bangili za maji hazimo kabisa katika aina hiyo. Jua kwao ni adui. Ukiziacha juani kabla hujazivunja unaziua.

Mwisho akaniambia nizitie kwenye maji ya moto. Nikajaribu, maana mwenye shida hujaribu kila kitu, na zile hafifu zikawaka kweli kweli! Nikafurahi, nikaita watoto waje waone. Baada ya muda mfupi tu zikafifia moja baada ya moja, na safari hii zilikufa moja kwa moja. Hapo ndipo nilipoielewa ile video yake. Joto huharakisha mchanganyiko, mwanga unapanda sana na dawa inaisha haraka. Beseni lile kwenye video nimelirudia kulitazama mara nyingi, na nikaona mvuke pembeni. Alikuwa anazimwagia maji ya moto ndipo anapiga picha.

Nilipotaka pesa zangu, kanibloku.

Baridi nayo hufanya kinyume chake, hupunguza kasi, na hili pia linatumika kutuibia, ila na watu wengine. Sikukuu pili nilimuona kijana kiwanjani ana ndoo ya barafu, anatoa bangili humo anauza 1,000, zimeshawaka tayari. Mtoto anaona inawaka, anatoa pesa zake za mkono wa sikukuu, anavaa. Zile zilivunjwa usiku wa sikukuu mosi, zikalazwa kwenye friza ili dawa isiishe. Ikikaa mkononi ikapata joto la mwili, hata haifiki nyumbani. Ukiuziwa iliyokwisha kuwaka, usinunue. Nunua ambayo haijakunjwa, ikunje wewe mwenyewe, usikie mlio.

Sasa kuna jambo linaloniuma zaidi ya pesa. Mirija iliyokwisha kukunjwa na kukunjuliwa plastiki yake inachoka, inapasuka. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka minne, aliitia moja mdomoni ikapasuka. Alilia kwa uchungu wa ile dawa, mdomo unamuwasha, na mie roho yangu iko kwenye vile vioo. Tulimsukutua kwa maji mengi na kumtazama kwa taa mdomo mzima, kisha tukampeleka hospitali kuangaliwa. Alhamdulillahi hakukatika. Maji yale kwa kawaida huwasha tu, lakini yakiingia jichoni osha kwa maji safi yanayotiririka, muda mrefu, angalau dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali. Msiwaachie watoto wakaikata bangili wakajipaka usoni, nimewaona wakubwa wakifanya hivyo kwa ajili ya picha. Na meza yangu, pale palipomwagika, vanishi imelainika na kuacha alama.

Tena boksi lile lilikuwa na pakiti ya pete za taa sikuziagiza, kanitilia kama "zawadi". Pete hizi hazina dawa, zina kitaa na betri ndogo za duara kama za saa ya mkono. Kifuniko cha betri hakina skrubu, kinafunguka kwa ukucha. Ndugu zangu, betri ile mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ya ndani, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshamdhuru vibaya. Haina dalili kubwa mwanzoni, mtoto anakohoa kidogo, anatokwa na mate, anakataa kula. Ukishuku tu, usimtapishe, usingoje, kimbilia hospitali uwaambie ni betri. Zile pete zote nilizifunga kwa tepu nikaziweka mbali. Kama mtoto wako ana pete, kiatu au puto la taa, kiangalie kifuniko chake leo, kabla ya sikukuu.

Kwa anayetaka kununua bangili za sikukuu hii, iwe Unguja au wenzetu wa Pemba mnaojiandaa kwa Tibirinzi: nendeni dukani kwa miguu yenu. Darajani na Mchangani wapo wanaouza vizuri, na ile tofauti ya 12,000 kwa kopo niliyoikimbilia ndiyo iliyonila 115,000. Mwambie muuzaji afungue kopo moja, chagua bangili ya katikati si ya juu, ingia nayo nyuma ya duka penye giza uikunje. Angalia ule mfuko wa rangi ya fedha haujakatwa. Angalia tarehe ipo. Kopo lililokaa dirishani likipigwa na jua liache hata likiwa jipya. Ukilazimika kuagiza kwa mtandao, mwambie akupigie video papo hapo, avunje moja mbele yako usikie kioo, kisha akuoneshe beseni likiwa kavu. Mwenye mali nzuri hatakasirika. Na usikubali mzigo ufike siku ya mwisho, agiza wiki mbili kabla au uache.

Walioshatuma pesa: pigeni simu mtandao wenu wa pesa saa ile ile mnapogundua. Mimi nilichelewa mpaka sikukuu tatu, nikaambiwa pesa zimeshatolewa. Meseji za utapeli zipelekeni 15040, ukiulizwa namba ya tapeli unaitaja. Na kwa sisi wa huku kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, hii kazi yake ni pamoja na kumlinda mnunuzi. Sisi wanne tumekubaliana kwenda pamoja Jumatatu. Nina makopo yote sita, selotepu yake, boksi lenye karatasi ya boti, na meseji zake toka ya kwanza. Kama nawe ulipata mzigo wa namna hii usiutupe kwa hasira kama alivyofanya jirani yangu. Niandikie hapa chini leo au kesho, uje na kopo lako.

Wale watoto thalathini na tano walipata bangili zao. Katika zile 143 nilitoa za kwao kwanza, usiku ule ule wa kuzijaribu kabla hazijafifia, na zilizobaki sikuziuza. Nilimpa bure kila mtoto mdogo aliyepita mezani kwangu usiku ule.