Silva metaliki ya gari: ipi inadumu, ipi uikwepe

Wengi wakienda kununua silva wanauliza kodi ya rangi, yaani ile namba ya rangi ya gari, na lita ngapi, basi. Kliya, ile rangi angavu inayopigwa juu kabisa, wanachukua yoyote iliyo rahisi, na hapo ndo pesa inapopotea. Silva ina chembe ndogo ndogo za alumini, ndo zile zinazomeremeta, sasa alumini ikikaa wazi juani na kwenye mvua inafifia inakuwa kijivu kama sufuria la zamani. Kinachoizuia isifike huko ni kliya, kwa hiyo mpangilio wangu nimeuweka kwa kuangalia kliya kwanza.

Namba 1: bezi ya silva, yaani rangi yenyewe ya chini, halafu juu kliya ya 2K aina ya HS. 2K maana yake inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ikishakomaa petroli ikidondoka haiitafuni. HS ina thina kidogo na mwili mwingi, mipigo miwili tu inakupa unene wa kutosha, maikroni 40 mpaka 60 hivi ikikauka, wakati bezi yenyewe inakuwa kama 15 tu. Unene huo ndo unakuruhusu kupiga polishi baadaye bila kufika kwenye rangi. Kama unapaka gari zima usifikirie mara mbili.

Namba 2: bezi ileile na kliya ya 2K ya MS, yaani yenye mwili wa wastani. Ni nyepesi kidogo, ila inatiririka vizuri na fundi anayejifunza haimsumbui sana. Inadumu pia, mwambie tu aongeze mpigo mmoja.

Namba 3: makopo ya spray ya 2K, yale yenye kitufe chini cha kuachia hadina. Kwa kona ya bampa au kioo cha pembeni yako poa sana, lakini ukishabonyeza una siku moja au mbili tu kisha inagandia humohumo.

Namba 4: silva ya 2K isiyohitaji kliya. Kwa nyeupe ya kawaida ningekubali kabisa, kwa metaliki hapana, maana chembe ziko juujuu, ukisugua polishi unazikwangua na unabaki na mabaka.

Mwisho kabisa ni spray za 1K, zile zisizo na hadina. Zinakauka kwa thina kuondoka tu, petroli inazilainisha, jua linazichosha haraka. Rimu sawa, boneti usithubutu.

Sasa kuna hili la kufanana rangi na silva ndo kiboko hapa. Kodi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado mlango ukaonekana mweusi ukiutazama kwa pembeni, kwa sababu chembe zinalala tofauti kulingana na presha, umbali wa bunduki ya kupulizia na rangi ilivyo mbichi. Nunua bezi ya kutosha fundi aififishe taratibu mpaka kwenye panel ya jirani, na ajaribu kwanza kwenye kipande cha bati.

Na tafadhali, hadina za 2K nyingi zina kemikali iitwayo isosianeti, inaharibu mapafu, kitambaa usoni hakisaidii chochote, anayepiga awe na maski inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Ukitaka kujua kama ulipigiwa 2K kweli, ngoja ikomae, chukua kitambaa chenye thina usugue kidogo sehemu iliyojificha. Ikilainika na kunata, ulipigiwa 1K.