Mwani wa Kulisha Kondoo Wakati wa Joto: Upi Ununue Kwanza

Gramu 10 za spirulina, mwani wa kijani-buluu unaouzwa kama unga, kwa siku humpa kondoo gramu 6 tu za protini, na mahitaji yake ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Ukitafuta protini, nunua mashudu. Kwenye mwani unalipia antioksidanti, yaani vitu vinavyolinda seli: joto likizidi kondoo huhema, hula kidogo, na seli zake huchakaa upesi, rangi na vitamini za mwani hupunguza uchakavu huo. Mwani haupozi mwili. Kama zizi halina kivuli na maji safi muda wote, pesa ianzie huko.

Nafasi ya kwanza tunaipa spirulina ya unga. Ukuta wa seli yake ni laini, hauna selulosi, kwa hiyo humeng'enywa bila shida. Pia ina fikosianini, rangi ya buluu ambayo huharibiwa na mwanga na ukaushaji wa moto mkali. Ipime kabla ya kununua gunia: weka kijiko cha chai kwenye glasi ya maji baridi, koroga, acha usiku kucha. Maji yakigeuka buluu, mzigo ni mzuri. Yakiwa ya kahawia, uliunguzwa au umezeeka. Mabonge yanaonyesha unyevu umeingia. Hapo ukungu hauko mbali.

Klorela inafuata, ila chukua ile iliyopasuliwa seli tu, maana ukuta wake ni mgumu. Dunaliela ni ya tatu: ina beta-karotini nyingi, rangi ambayo mwili huigeuza vitamini A, inayofaa kondoo waliokaa miezi wakila nyasi kavu, lakini huja na chumvi, basi punguza chumvi ya kulamba.

Skizokitriamu tunaiweka mwisho. Ni ya anayetaka omega-3, aina ya mafuta, kwenye maziwa au nyama. Mafuta yake yakizidi huvuruga vijidudu vya rumeni (tumbo la kwanza la kondoo), hushusha mafuta ya maziwa na kukata hamu ya kula, hamu ambayo joto limeshaipunguza.

Usinunue kabisa mwani uliovunwa bwawani bila kupimwa. Unaweza kuwa na mikrosistini, sumu ya ini. Dai cheti cha maabara cha mzigo huohuo, kikitaja mikrosistini, risasi, aseniki na kadimiamu. Epuka pia michanganyiko yenye madini ya nguruwe au kuku. Shaba isiyomdhuru nguruwe humuua kondoo: hujikusanya kwenye ini wiki nyingi bila dalili, kisha ghafla mkojo unakuwa mwekundu au mweusi, macho yanageuka manjano, na mnyama anakufa. Lebo isiyotaja kiasi cha shaba, irudishe.

Kwa kondoo wa kilo 40, anza na gramu 2 kwa siku, panda taratibu hadi 10 ndani ya wiki mbili. Ukiwapa gramu 300 za chakula cha ziada kila mmoja, kilo 1 ya spirulina ndani ya kilo 29 za chakula inatosha kondoo 100 kwa siku. Changanya kwanza na kilo 4 za pumba, ndipo umimine kwenye kilo 25 zilizobaki. Ukimwaga yote kwa mkupuo, wengine watapata nyingi na wengine patupu. Nyunyiza molasi kidogo ishike vumbi na kufunika harufu. Lisha alfajiri na jioni, na uchanganye cha siku hiyo tu. Wakisusa, rudi kwenye nusu kwa siku tatu kabla ya kupandisha tena.