TAHADHARI: Muuza spea za Datsun za zamani ameondoka na kabureta za mzee wangu

Wadau, hasa nyinyi wa magari ya zamani hapa Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega, someni hii hadi mwisho hata kama ni ndefu. Naandika bado mikono inatetemeka. Nimeibiwa kabureta mbili, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa ya injini, na kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo mtu hakuvunja mlango wala kuruka ukuta, mimi mwenyewe ndiye nilishika spana nikamfungulia.

Ile Datsun 240Z ya mzee, baba yangu, mnaijua, wengine mlikuja Lanet mkapiga picha nayo ikiwa bado imelala chini ya mparachichi. Hali ya mzee tangu Agosti mnaijua pia, hawezi kusema na mkono wa kulia hauna nguvu. Nilitaka tu injini iwake siku moja aisikie.

Jamaa nilimpata kwa grupu ya WhatsApp ya spea. Akaja Jumamosi saa nne asubuhi na Probox nyeupe. Hakukimbilia bei. Alizunguka gari polepole, akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya mlango pale kutu imekula, akanyamaza kama mtu aliye matangani. Kufungua boneti akasema "HS30", ile kodi ya chesisi ya hizi 240Z, kabla hata sijapangusa vumbi kwa ile pleti ya chesisi. Akaanza kumhadithia mzee vile hizi gari zilishinda mbio za Safari Rally 1971 na dereva Edgar Herrmann, tena 1973 na Shekhar Mehta, na vile huo mwaka wa 1973 Mehta alimaliza sare kabisa na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS ikabidi watafute njia ya kuwatenganisha. Mzee alikuwa ameketi pale varanda. Aliposikia jina la Mehta akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemwona akiinua huo mkono kwa sababu ya mgeni yeyote. Sasa niambieni, mtu kama huyo ningemshuku vipi? Mama akapika chai, jamaa akamwombea mzee hapo hapo akiwa amemshika bega, mama akalia.

Halafu tukarudi kwa gari. Akatoa kifuniko cha kabureta ya kwanza, akainua pistoni ya ndani yake kwa kidole akaiachilia, ikakwama katikati. Akaniambia "Unaona? Inafaa ianguke yenyewe mpaka chini, isikike tok." Na hilo ni kweli, fundi yeyote wa hizi kabureta atakwambia hivyo. Akasema ako na pea nzima ya 240Z imefanyiwa sevisi, 45,000, lakini lazima aende na zangu azipime nazo ndio zisikatae kukaa kwa manifoldi, zile bomba za kupeleka hewa na petroli kwa injini. Nikaona ni mtu anayejali kazi yake. Nilitumia kama dakika arobaini kufungua zile nati, moja ilikuwa imeshika kutu nikaimwagia dizeli nikangoja, yeye amesimama kando ananishikia tochi. Nikazifunga na gazeti, nikazipanga kwa katoni, nikaiweka kiti cha mbele cha Probox na nikaifunga mshipi ndio isigongwegongwe njiani. Hiyo picha ya mkono wangu ukifunga huo mshipi ndiyo inaninyima usingizi.

Nikatuma 45,000 kabla hajatoka geti. Siku mbili baadaye 60,000 ya shiti za floo kutoka Japani, maana floo ya abiria mguu unapita. Wiki iliyofuata 18,000 eti za kutoa mzigo bandarini Mombasa. Jumla 123,000. Pesa zingine zilikuwa za dawa ya mzee na mama hajui, atajua leo akisoma hapa ama akiambiwa na jirani.

Siku ya tisa katoni ikafika na matatu. Ndani kabureta mbili zinang'aa, zimepigwa rangi ya fedha. Nilifurahi nikampelekea mzee moja kwa trei. Akaingiza kidole gumba kwa mdomo wa kabureta, akakizungusha, akatikisa kichwa. Nikamwambia ni zenyewe baba, ni vile zimesafishwa. Akatikisa tena. Nikabishana na yeye! Mtu aliyeendesha hiyo gari miaka kumi na sita, hawezi kusema lakini kidole kinakumbuka, na mimi nasimama pale namwambia hajui.

Fundi wangu alizipima Jumatatu. Mdomo milimita 38. Za 240Z ni 46. Hizo ni za Bluebird 1600 SSS, injini ya silinda nne, wakati ya mzee ni silinda sita ya cc 2,393. Zingefungwa hapo kwa lazima injini ingekosa pumzi. Kupiga simu, imezimwa. WhatsApp, nimeblokiwa. Nikapanda gari mpaka Kisumu kutafuta hiyo stoo aliyosema iko nyuma ya soko la Kibuye, nikaonyeshwa ukuta na mama anauza omena, akaniambia kuna mwingine aliuliza hiyo stoo mwezi uliopita.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia mambo ya kusameheana, sitaki kusikia "labda ana shida." Alimshika mzee mgonjwa bega akaomba akiwa tayari amepanga kumwibia. Akipatikana afungwe na alipe mpaka ile chai. Namba ya OB ya polisi ninayo, picha za skrini ninazo, sauti zake ninazo, mwenye ametapeliwa naye aje inboksi twende pamoja, tukiwa wengi hatatoroka kirahisi.

Mtauliza kama hakukuwa na dalili. Zilikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuziona. M-Pesa ilitoa jina la mwanamke, akasema ni laini ya wife. Niliomba picha ya kabureta ikiwa na kipimo mdomoni akanitumia sauti ndefu ya kuulizia hali ya mzee badala yake. Hizo za bandari hakukuwa na karatasi hata moja. Na jamani kitu cha zamani kisitoke kwako eti kikawe sampuli, mtu alete yake mpime hapo hapo kwako.

Kabureta za mzee ziko sokoni mahali, najua, kwa sababu pea kama hiyo haitupwi. Ukiuziwa kabureta mbili za 240Z, hazijapigwa rangi, angalia kifuniko cha ile ya mbele. Kuna mistari mitatu mifupi imekwaruzwa na msumari, mmoja kwa kila mtoto wake, wa mwisho ni wangu na umepinda kidogo. Ukiiona usibishane na muuzaji, mwambie unaenda kutoa pesa, halafu nipigie saa yoyote hata ikiwa usiku.