Uzoefu wangu: binti wa Kiislamu katika skuli ya masista, Malindi

Wazazi wenzangu wa hapa Malindi wakijua binti yangu anasoma kwa masista, swali huwa moja: hawamgeuzi dini? Nitalijibu hapa chini, tena kwa urefu. Lakini dini siyo iliyonipeleka kule. Nilikwenda kutafuta kusoma. Nilitaka mtoto wangu aweze kufungua kitabu asichowahi kukiona, akisome na akielewe, kabla hajafika Gredi ya 4. Hilo nimelipata, na ndilo ninalolipia karo.

Tunakaa Shela, Shela ya Malindi. Binti alianza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, palepale na sasa yuko Gredi ya 4. Jina la skuli silitaji kwa sababu nina la kusifu na nina la kulalamikia, na sipendi hilo la pili liwaharibie walimu ninaowaheshimu.

Nianze na kusoma. Watoto wetu waliopitia chuoni, yaani madrasa, wana vichwa vyepesi vya kuhifadhi. Wangu aliingia Gredi ya 1 na sura fupi za Juzuu Amma kifuani, na kwa mtindo uleule akawa anahifadhi vitabu vya skuli. Nyumbani alikuwa akifungua kitabu cha hadithi na kutusomea ukurasa mzima bila kukwama, bibi yake anamshangilia. Aliyegundua ni mwalimu wake wa darasa. Aliniita baada ya masomo, akatoa kipande cha manila alichokikata kijidirisha katikati, akakilaza juu ya ukurasa likabaki kuonekana neno moja tu. Akawa anakisogeza, mara juu, mara chini, bila kufuata sentensi. Mtoto aliyekuwa akiumwaga ukurasa mzima alishindwa kusoma "mbuzi". Alishindwa kusoma "nyumba".

Mwalimu hakumkemea na hakunilaumu mimi. Alirudi kwenye silabi, mba, mbe, mbi, nya, nye, nyi, dakika chache kila siku kabla ya kengele ya mapumziko, kijidirisha mkononi. Sista anayesimamia gredi za chini naye alikuwa akiketi mkekani na kundi dogo, kila mtoto asome mstari wake kwa sauti na wengine wasimdokeze. Darasa lenyewe si dogo, ndiyo maana nathamini sana kwamba mtu alipata wasaa wa kumsikiliza mtoto mmoja hadi akajua anachokosa. Kufikia mwisho wa muhula binti alikuwa akisoma pakiti ya unga, mgongo wa tuktuk, kibao cha duka la dawa, chochote chenye herufi.

Kwa hiyo ukienda kutafuta skuli, usiulize ilikuwa ya ngapi kwenye mitihani. KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na tangu 2022 watoto wa Gredi ya 6 wana tathmini yao, KPSEA, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kupanga skuli nani wa kwanza nani wa mwisho. Omba uonyeshwe daftari la insha la mtoto wa Gredi ya 5. Tazama kama mwalimu amesahihisha, ameandika neno la kumsaidia, au amepiga tiki akapita. Pale kwetu madaftari yalikuwa mekundu kwa masahihisho. Hapo nikajua nimefika.

Kiboko hakipo. Sheria imekikataza tangu 2001, lakini sote tunajua skuli ambazo sheria hiyo haijafika mlangoni. Hapa mtoto aliyekosa huitwa pembeni akazungumzwa naye, na kosa likiwa zito mzazi hupigiwa simu siku hiyohiyo.

Sasa dini. Kabla ya kulipa chochote nilikwenda kuonana na Sista mwalimu mkuu, na mume wangu. Tuliuliza wazi, akajibu wazi. Hii ni skuli ya Kikatoliki, alisema, asubuhi kwenye paredi tunasali, saa sita mchana inapigwa kengele ya Malaika wa Bwana na masomo yanasimama, na kuna siku za Misa. Mtoto wa Kiislamu hatalazimishwa kufanya ishara ya msalaba wala kutamka sala. Atasimama kimya kwa adabu, na wakati wa Misa atabaki maktaba na mwalimu. Somo la dini atafundishwa la kwake, na ustadh. Nilimpenda kwa kutoficha kitu. Afadhali mtu anayekuambia "sisi tunasali" kuliko anayekuambia "hapa hatuna dini" kisha mtoto arudi na mambo usiyoyajua.

Kuhusu kitambaa cha kichwa, ulizeni mapema, kila skuli ina msimamo wake. Ile kesi ya hijabu ya skuli ya Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 majaji wakautengua uamuzi uliowapa wanafunzi ruhusa, kwa sababu ya namna ombi lilivyowasilishwa mahakamani. Kwa hiyo usitegemee kwamba jambo limekwisha. Binti yangu anavaa kitambaa cheupe na hajaambiwa avue.

Je, kuna kinachomwingia? Kipo, nisiwadanganye. Nyimbo zinaingia. Mwezi wa Oktoba wenzake wanasali rozari, naye akarudi nyumbani anaimba wimbo wa Bikira Maria huku akiosha vyombo. Mavyaa wangu hakufurahi hata kidogo. Mimi usiku ule nilikaa na binti nikamsomea Surat Maryam kwa tafsiri, taratibu, kisa cha Bi Maryam chini ya mtende na uchungu wake wa uzazi na tende zilizomwangukia. Aliuliza maswali mengi kuliko alivyowahi kuuliza chuoni. Tangu hapo kila anachokisikia skuli anakileta nyumbani, tunazungumza. Mzazi asiye na wakati wa mazungumzo hayo, au asiyeweza kustahimili wimbo, asimpeleke mtoto kule. Nasema hivi kwa nia njema.

Na kuna yaliyonifurahisha. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikiwa zimeachana siku chache tu. Wakatoliki walikuwa na visanduku vyao vya karatasi vya sadaka ya Kwaresima, wetu walikuwa wakijaribu funga ya nusu siku. Mwalimu wa michezo aliwapumzisha wanaofunga wasikimbizwe juani, na lile jua la Machi mnalijua. Watoto walikuwa wakiulizana nani ameacha nini. Rafiki wa binti yangu, Mgiriama, alikuwa ameacha mabuyu siku zote arubaini, na kwa mtoto wa Malindi hilo si jambo dogo.

Lalamiko langu kubwa ni la ustadh. Aliondoka, na muhula mzima somo la dini ya Kiislamu halikufundishwa. Watoto wetu walikaa maktaba wakichora. Kila nilipouliza nilijibiwa "tunatafuta". Somo la wenzao halikukosa mwalimu hata wiki moja. Mwingine alikuja muhula uliofuata na ni mzuri, lakini ahadi ilitolewa mbele yetu wawili na ilipaswa kusimama. Jingine ni vifaa. Najua mtaala wa umilisi unataka watoto watengeneze vitu kwa mikono, sikatai, ila ujumbe wa "kesho aje na manila, gundi na rangi za maji" ukifika saa mbili usiku, duka gani litakuwa wazi?

Na chuoni je? Skuli inaachia saa tisa, chuo kinaanza baada ya Alasiri, mtoto anafika ameshachoka anasinzia juu ya msahafu. Tulizungumza na maalim wake, tukamhamishia Jumamosi na Jumapili asubuhi, na baada ya Magharibi anasoma na bibi yake. Kuhifadhi kumepungua kasi, kuelewa hakujapungua.

Jambo moja wazazi wengi wanalichanganya. Si kila skuli yenye jina la mtakatifu ni ya kulipia. Jimbo Katoliki la Malindi, lililoundwa mwaka 2000, linafika hadi Tana River na Lamu, na ndani yake kuna skuli za parokia na masista zinazotoza karo, na kuna za umma ambazo Kanisa ni mfadhili tu. Hizo za umma ziko chini ya elimu ya bure iliyoanza 2003. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili kazi ya kulea roho za wanafunzi huku akilinda imani ya wasio wa dhehebu lake. Kishikeni hicho kifungu mkienda kuzungumza na mwalimu mkuu, hasa mambo ya ustadh yakianza kusuasua.

Nendeni muhula wa tatu, nafasi za PP1 na Gredi ya 1 zinakwisha kabla ya Disemba. Chukua cheti cha kuzaliwa na nakala yake, kadi ya chanjo, na umpeleke mtoto mwenyewe, maana Sista anapenda kuzungumza naye kabla ya kuzungumza na wewe. Kama mnakaa mbali, piga hesabu ya tuktuk ya msimu wa mvua za kusi, si ya kiangazi.

Mdogo wake namwandikisha Januari. Safari hii suala la ustadh nimeliandika kwa barua, ofisi imeipiga muhuri, na nakala ninayo.