Viatu vya kuendeshea gari: jozi tatu nilizojaribu Malindi, na fundi mmoja wa Shela

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikibadilisha viatu kwa makusudi kila ninapoendesha gari kati ya Malindi na Mombasa, ambako huenda mara moja au mbili kwa wiki kununua leso kwa bei ya jumla katika maduka ya Barabara ya Biashara. Gari langu ni Toyota kuukuu ya gia, kwa hiyo mguu wa kushoto una kazi ya klachi kama ule wa kulia ulivyo na kazi ya breki na mafuta, na safari ya karibu kilomita 120 kwenda, kisha nyingine kama hiyo kurudi, humwonyesha mtu kila kasoro ya kiatu alichokivaa. Nimejaribu raba ya turubai, mokasini ya mtumba kutoka Italia, na makubadhi yangu mwenyewe baada ya kutiwa ukanda wa nyuma na fundi wa viatu wa mtaa wa Shela hapa Malindi. Makubadhi hayo ndiyo yaliyonishangaza, na kwa ajili yake hasa ndiyo ninaandika.

Sababu ya kuanza majaribio haya ni kandambili. Jioni moja nilikuwa nikirudi kutoka Mombasa, nimekaribia Gede, miguuni nimevaa kandambili mpya nilizozinunua siku ile ile kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimelowa mvua. Tuktuk iliingia barabarani ghafla kutoka kando. Nilipouhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, ncha ya kandambili, ambayo ilikuwa imening'inia, ilipita chini ya kanyagio la breki badala ya juu yake, gidamu ikachomoka, na nikajikuta ninavuta mguu badala ya kukanyaga. Mwishowe nilikanyaga kwa unyayo mtupu, kwa nguvu zangu zote, na gari likasimama huku taa za nyuma za tuktuk zikiwa karibu kiasi cha kuhesabu mikwaruzo yake. Gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde moja, na kwa hiyo nusu sekunde ya kuhangaika na kiatu ni mita 11, yaani zaidi ya urefu wa magari mawili madogo. Usiku ule sikulala vizuri, na mume wangu alipozikuta kandambili zile mlangoni kesho yake, alizitupa bila kuniuliza.

Tunazivaa kandambili kwa mazoea, kwa sababu hali yetu ya joto na mchanga inatulazimisha, na nyumbani au sokoni hazina ubaya wowote. Ndani ya gari, hata hivyo, mguu hufanya kazi ambayo kandambili hazikuundwa kuifanya. Kisigino hutulia sakafuni na kuwa kama egemeo, na sehemu ya mbele ya unyayo huhama kulia na kushoto, kati ya mafuta na breki, mara mamia katika safari moja. Kiatu kisichoshika kisigino hubaki nyuma mguu unapohama, na dereva hulazimika kukikunja kwa vidole ili kisimwachie, jambo ambalo huchosha msuli wa mbele wa mguu kabla hata hajafika Kilifi. Kuanzia siku ile sikuwa tena na swali la kiatu gani kinapendeza. Nilitaka kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli inayokunjika na inayouachia mguu uhisi kanyagio, kisicho na ubavu mpana wa kugusa makanyagio mawili kwa pamoja, na kisichoteleza.

Madereva wa nchi nyingine wameliandikia jambo hili. Kanuni ya 97 ya Kanuni za Barabarani za Uingereza inamtaka dereva ahakikishe kwamba mavazi na viatu vyake havimzuii kutumia vyombo vya kuendeshea ipasavyo, nayo haikitaji kiatu chochote kwa jina kuwa ni marufuku. Shirika la madereva la RAC la huko huko linashauri soli isizidi unene wa milimita 10, wala isiwe nyembamba au laini mno. Nilichukua rula ya mtoto wangu nikapima viatu vyote vya nyumbani, na nilistaajabu kuona kwamba viatu vyangu vya kutembelea, vile vya soli nene nyeupe ambavyo niliviona vya starehe kuliko vyote, vilikuwa na milimita 32 chini ya vidole. Ndiyo sababu nilikuwa sijui nimekanyaga klachi kiasi gani mpaka injini iungurume.

Raba ya turubai ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika majaribio, na ninaitaja kwanza pia kwa sababu ndiyo rahisi kupatikana. Ni zile raba nyeusi za kufunga kamba ambazo wanafunzi huzivaa wakati wa michezo, na jozi yangu ilikuwa na soli ya milimita 9, bapa, yenye michirizi ya kushika. Mguu unahisi kanyagio lote, kuanzia pale linapoanza kushika hadi pale linapokaza, na baada ya siku mbili nilikuwa nabadilisha gia kwa ulaini ambao mume wangu aliutambua kabla sijamwambia lolote. Turubai hupitisha hewa, japo si sana, na kiatu kikilowa hukauka kwa jua la nusu siku. Kasoro yake ni mbili. Kamba ndefu zikifungwa fundo la kipepeo huning'inia, na moja ya kushoto iliwahi kuzunguka shina la klachi. Tangu hapo ninazichomeka ndani ya kiatu. Ya pili ni joto la adhuhuri: baada ya Mtwapa, foleni ikisimama, miguu hutokota. Soksi nyepesi za pamba husaidia, na bila soksi jasho huufanya mguu uteleze ndani ya kiatu chenyewe.

Mokasini niliipata sokoni katika rundo la mitumba. Waitaliano wamekuwa wakija Malindi tangu enzi ambazo nchi yao ilianza kurusha setilaiti kutoka Ngomeni katika miaka ya 1960, na si ajabu kwamba mchuuzi aliijua bidhaa yake na kuitaja kwa Kiitaliano. Kiatu cha namna hii kina asili ya kuendeshea gari kweli: Gianni Mostile alianzisha kampuni ya Car Shoe huko Italia mwaka 1963 kwa mokasini ya ngozi laini ambayo soli yake ina vinundu vya mpira, na baadhi ya vinundu hivyo hupanda hadi nyuma ya kisigino, mahali ambapo kiatu husuguana na sakafu ya gari. Sikupata jozi ya kampuni hiyo, bali ya mwigo wake, lakini muundo ulikuwa ni ule ule. Katika gari hakuna kilichoishinda. Kisigino hukaa pale pale kilipowekwa, ngozi haibani, na mguu huhama kama haukuvaa kitu. Tatizo ni kushuka. Kifusi cha njia ya kwangu, chenye vipande vya matumbawe, kilianza kuvimega vinundu katika wiki ya tatu, na kufikia mwezi wa pili ngozi kati ya vinundu ilikuwa imetoboka. Kwa mtu wa gari la otomatiki anayetoka nyumbani kwenye sakafu na kufika ofisini kwenye sakafu, ningeisifu bila kusita; kwa mimi ninayebeba mabunda ya leso juu ya kokoto, haikunifaa.

Sasa nije kwa makubadhi. Nina jozi ya ngozi ya ng'ombe, ya rangi ya tende, ambayo nimeivaa miaka mitano na ambayo miguu yangu imeizoea kabisa. Kwa kuendesha gari ilikuwa na maovu mawili, kwani nyuma iko wazi, na soli yake ya ngozi imelainika kwa kutembea hadi inang'aa kama sahani. Niliipeleka kwa fundi anayekaa chini ya mwarubaini, nikamwambia nataka ukanda wa kisigino. Nilitarajia anipangie bei tu. Badala yake aliyageuza makubadhi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kisigino cha kulia, ambao ulikuwa umelika upande mmoja, akaniuliza, "Mama, waendesha gari?" Nilipokubali, alinikalisha juu ya kibao chake, akaegemeza kipande cha ubao kwenye jiwe kwa mwinamo wa kanyagio, akanitaka nikikanyage na kuhama kama niko barabarani. Alitazama kwa muda, akanirudisha upya mara mbili, kisha akaweka alama kwa chaki mahali ambapo kisigino kilikuwa kikiinuka.

Kazi aliyoifanya ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayofaa kuigwa. Alikataa katakata mpira wa kuvutika niliokuwa nimeununua mwenyewe, akisema utalegea kwa joto, akakata ukanda wa ngozi wenye upana wa kama vidole viwili, ili usikate nyama ya juu ya kisigino. Bizimu aliiweka upande wa nje wa mguu, si wa ndani, kwa kuwa ya ndani ingenasa pindo la buibui au ingegusa kanyagio la pili. Chini aliikwaruza ngozi kwa msasa mpaka mng'ao wote ukaisha, akapaka gundi pande zote mbili, akaiacha ikauke kidogo, kisha akabandika tabaka jembamba la mpira wenye michirizi na kuligongagonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda nje. Hakutosheka na gundi peke yake, bali alishona ukingo mzima kwa shazia na uzi mnene wa nailoni, kisha akapunguza mpira uliojitokeza kwa kisu, hata upana wa soli ukalingana na upana wa mguu wangu. Nilipopima nyumbani, soli yote ilikuwa milimita 8.

Gharama ilikuwa shilingi 450. Aliniahidi siku mbili, ikawa nne, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa juu ya huduma yake, kwani nilikwenda mara mbili bure. Baada ya mwezi mmoja ukanda wa kulia ulilegea kidogo, kama ngozi mpya inavyofanya, naye akatoboa tundu jingine pale pale bila malipo.

Nimeyavaa makubadhi haya hadi Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu, nilipokwenda kumwona dada yangu Lamu. Njia nzima sikukikunja kidole hata kimoja, na upepo ulipita miguuni kwa namna ambayo raba haiwezi kunipa. Kosa langu lilikuwa gatini, ambako niliteremka mashuani nikiyavaa yakalowa maji ya chumvi, na yalipokauka ngozi ikakakamaa kama gamba. Ilinibidi kuyafuta kwa maji matamu na kuyapaka mafuta ya nazi siku tatu mfululizo. Siku ya kurudi niliingia garini kwa raba kavu, baada ya kupangusa mchanga kwenye nyayo na kwenye makanyagio yenyewe, kwa sababu punje za mchanga juu ya mpira wa kanyagio huuzungusha mguu kama shanga. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono wale wanaovua viatu na kuendesha kwa miguu mitupu: mguu wenye jasho au mchanga huteleza, na breki ya kukanyaga kwa nguvu huuma unyayo, hivyo mtu huweza kulegeza mguu bila kukusudia.

Kwa safari ndefu, basi, ninachagua raba ya turubai, na kwa mizunguko ya mjini ninavaa makubadhi ya ukanda. Wenzangu wanaokwenda harusini kwa viatu vya mchuchumio ningewaomba wavivae wakishafika, kwa sababu kisigino kirefu huinua egemeo la mguu na ncha yake huingia kwenye kapeti na kukwama. Lakini hivyo viatu vya kubadilisha visiwekwe chini ya kiti cha dereva. Gari likifunga breki, hutambaa mbele na kusimama nyuma ya kanyagio, mahali pale pale ambapo hapatakiwi kuwa na kitu. Mimi ninaviweka ndani ya mkoba nyuma ya kiti cha abiria.

Anayetaka kumwendea fundi na aende asubuhi, wakati bado hajazidiwa na kazi, na akumbuke kwamba siku ya Ijumaa huondoka kabla ya adhuhuri kwenda kuswali. Peleka viatu vyote viwili hata kama unadhani ni kimoja tu kilicholika, na mwambie tangu mwanzo kwamba ni vya kuendeshea gari, maana usipomwambia atakutilia soli nene ya kudumu, kama anavyowafanyia wengine wote.